Mgongo Ndio Kipimo

Mbio za mapipa zilikulia katika rodeo za Marekani, na kanuni zake ni chache. Mapipa matatu ya chuma, yale ya lita 200 na ushei, husimamishwa uwanjani kwa umbo la pembetatu. Farasi huingia kwa kasi, hulizunguka pipa la kwanza, hugeuka upande wa pili kulizunguka la pili, huliendea la tatu lililo mbali, kisha hutimua mbio moja kwa moja hadi kwenye mstari alioanzia. Chama cha wanawake wa rodeo, WPRA, kilichoasisiwa kwa jina jingine huko San Angelo, Texas, mwaka 1948, kina kipimo chake cha kawaida: futi 90 kati ya pipa la kwanza na la pili, yaani mita 27 na kitu, na futi 105 kutoka kila moja kati ya hayo hadi la tatu. Kwa kipimo hicho farasi hodari humaliza kwa sekunde kama 17. Pipa likianguka, sekunde 5 huongezwa, na hapo tamaa ya ushindi kwa kawaida huwa imekwisha. Muda hupimwa hadi sehemu ya mia ya sekunde, na mara nyingi ni hiyo sehemu ya mia inayomtenga anayeondoka na fedha na anayeondoka mikono mitupu.

Mchezo wa namna hii umezaa tandiko lake wenyewe. Tandiko la kukamatia ng'ombe kwa kamba huweza kupita kilo 18, kwa kuwa lazima listahimili mvuto wa ndama aliyefungwa kwenye pembe yake. La mapipa halivuti mnyama yeyote, kwa hiyo hupunguzwa hadi kati ya kilo 9 na 13 hivi. Kiti chake kina kina kirefu ili mpandaji asirushwe nje kwenye kona, egemeo la nyuma ni refu, pembe ni nyembamba na ndefu ili ishikike vizuri, ngozi za chini zimekatwa mviringo zisikwaruze nyonga, na vikuku vya miguu vimesogezwa mbele kidogo. Ukitazama vizuri utaona kwamba karibu kila kimoja kati ya hivi kimebuniwa kwa ajili ya mtu. Mnunuzi huketi juu ya tandiko dukani, hupima kiti kwa mapaja yake, huchagua nakshi na rangi ya ngozi, kisha huuliza swali moja tu linalomhusu farasi: upana ni inchi ngapi? Hoja yangu katika sura hii ni kwamba swali hilo halitoshi, na aghalabu hupotosha. Tandiko linapaswa kuchaguliwa kwa umbo la mgongo mzima wa farasi, tena mgongo ulio katika mwendo, na raha ya mpandaji ifuate baada ya hapo.

Tuanze na kile kisichoonekana. Chini ya ngozi na nakshi kuna kiunzi, cha mbao iliyofunikwa kwa ngozi mbichi au cha faibaglasi. Kiunzi kina mbao mbili ndefu zinazolala kando ya uti wa mgongo, kulia na kushoto, zikiunganishwa mbele na upinde unaobeba pembe na nyuma na egemeo la kiti. Uzito wote wa mpandaji hushuka kwa farasi kupitia mbao hizo mbili. Ule upana anaouliza mnunuzi ni nafasi iliyo chini ya upinde wa mbele. Kwa mazoea, farasi wenye mgongo wa wastani hupewa kiunzi cha inchi 6.5 hivi, na wenye mgongo mpana hupewa cha inchi 7 au zaidi. Lakini hakuna kiwango kimoja kinachowafunga mafundi wote. Huyu hupima sehemu hii ya upinde, yule hupima sehemu nyingine, na hata wakipima pahali pamoja, inchi hizo hazikuambii mbao zimelala kwa pembe gani. Viunzi viwili vyenye inchi 7 vinaweza kukaa kwa njia mbili tofauti kabisa juu ya farasi mmoja, kimoja kikigusa kwa ubapa wake wote na kingine kikikata kwa ukingo wa juu.

Farasi wenyewe nao hawafanani kama lebo zinavyodai. Wengi wa farasi wa mapipa ni wa uzao wa Quarter Horse, ambao chama chao kiliundwa Fort Worth, Texas, mwaka 1940. Picha iliyozoeleka ya farasi hao ni ya mnyama mnene, mwenye mgongo mpana na sehemu ya juu ya mabega isiyoinuka sana. Wapo wa aina hiyo hadi leo. Hata hivyo kwa miongo mingi uzao huo umechanganywa na damu ya Thoroughbred, farasi wa mbio ndefu. Dume mmoja tu wa Thoroughbred aliyeitwa Three Bars, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1940, ameacha alama kubwa katika nasaba za Quarter Horse. Wanaofuga farasi wa mapipa hupenda sana nasaba za mbio, kwa hiyo uwanjani utamkuta mnyama aliyesajiliwa kuwa Quarter Horse lakini mwenye mabega yaliyoinuka, mbavu zilizoteremka na misuli mirefu ya mgongoni. Anayemnunulia tandiko kwa kufuata jina la uzao amemnunulia farasi mwingine.

Ni umbo gani basi la kuangalia? Pembe ya mbao za mbele lazima ifuate mteremko wa mbavu nyuma ya bega. Kutoka hapo mgongo hulala taratibu na kuwa bapa unapoelekea kiunoni, kwa hiyo mbao nazo lazima zijisokote kwa kiasi hichohicho. Kisha kuna mbonyeo wa mgongo ukiutazama kwa ubavuni. Farasi mwenye mgongo ulionyooka akitandikwa kiunzi kilichopinda sana, tandiko hubembea mbele na nyuma juu ya doa dogo la katikati. Mwenye mgongo uliobonyea akitandikwa kiunzi kilichonyooka, mbao hugusa mbele na nyuma tu na katikati hubaki uwazi, kwa hiyo uzito wa mtu huegemea madoa manne. Kasoro hii ya pili ndiyo ninayoiona kuwa ya hatari zaidi, kwa sababu tandiko la namna hiyo hutulia. Halibembei wala halitelezi, na mpandaji huliona zuri. Mwisho kuna urefu. Farasi ana jozi 18 za mbavu, na uzito haupaswi kupita ubavu wa mwisho, kwa kuwa kiuno kilicho nyuma yake hakina mbavu za kukishikilia. Farasi wa mapipa wengi wana migongo mifupi, na mtu mrefu anayehitaji kiti kikubwa anaweza kujikuta amebebwa na kiunzi kinachofika mahali kisipopaswa kufika.

Mbele kuna bega, na hapo ndipo ushindi wenyewe hupatikana au hupotea. Farasi hana mtulinga. Kifua chake kimening'inizwa kati ya miguu ya mbele kwa misuli mitupu, na kombe la bega, lenye gegedu ukingoni mwake juu, huteleza huru juu ya mbavu. Mguu wa mbele unaponyooshwa mbele, ncha ya juu ya kombe hurudi nyuma na kwenda chini ya mahali tandiko linapoanzia. Sasa mfikirie farasi anayelikaribia pipa: anapunguza kasi, anaingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo, mgongo unainuka, mwili unalala kuelekea ndani ya kona, kisha ghafla anatakiwa anyooshe miguu ya mbele na kuondoka. Wakati huohuo mpandaji amekandamiza pembe ya tandiko na kusimamia vikuku vilivyowekwa mbele. Mzigo unaielemea sehemu ya mbele ya mbao katika nukta ileile ambayo bega linaihitaji nafasi hiyo. Mbao ikiwa imesimama kuliko mteremko wa mbavu, au ncha yake haikukunjuliwa nje kidogo, bega hugonga. Farasi hujifunza upesi. Hufupisha hatua, huipanua kona ili asilale sana, au hukataa kuinua mgongo. Mpandaji husema farasi ameanza ukaidi kwenye pipa la kwanza, na hutafuta lijamu kali zaidi.

Yapo maswali ya haki dhidi ya haya yote, na la kwanza ni la muda. Sekunde 17 zinaweza kuumiza nini? Jibu ni kwamba sekunde hizo ni sehemu ndogo ya maisha ya farasi chini ya tandiko. Kuna mazoezi ya siku nyingi katika juma, kuna kupashwa mwili moto kabla ya zamu, na kuna saa ambazo farasi husimama ametandikwa na mtu kaketi juu yake akingoja kuitwa. Isitoshe, nguvu inayoshuka mgongoni huongezeka kwa mwendo. Watafiti wa Vienna walipoweka mkeka wa vihisio chini ya tandiko na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, walikuta kilele cha nguvu katika mwendo wa kutembea kikiwa karibu nyutoni 12 kwa kila kilo ya mpandaji, 24 katika troti, na 27 katika mwendo wa shoti ya taratibu. Kwa mtu wa kilo 60 hii ina maana kwamba farasi anayetembea hubeba vilele vinavyolingana na kilo 73 hivi, na anayekwenda shoti hubeba vinavyofika kilo 165, tena kwa kila hatua. Mbio za mapipa zina kasi kuliko mwendo uliopimwa pale. Uzito wa namna hiyo ukitandazwa kwenye mbao nzima, mgongo wenye afya huustahimili. Ukikusanywa kwenye madoa manne, damu hubanwa isipite kwenye ngozi na msuli, na sekunde chache zikirudiwa mara nyingi hufanya kazi ya saa nzima.

Mtu makini atasema kwamba vipimo hivyo ni vya tandiko la Kiingereza, lile jepesi lisilo na pembe, na kwamba mbao za tandiko la Magharibi, jamii ya hili la mapipa, ni ndefu na pana, hivyo husambaza uzito vizuri zaidi. Ni kweli kwamba eneo ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu wachungaji wa ng'ombe waliweza kukaa juu ya farasi kutwa nzima. Lakini tandiko la Kiingereza lina mito ya sufu ambayo fundi anaweza kuifumua na kuijaza upya, huku lile la Magharibi lina mbao ngumu na tabaka la sufu tu chini yake. Ukubwa wa eneo husaidia pale linapogusa. Mbao ndefu isiyofuata mgongo ni ndefu bure, na haina mto wa kusamehe kosa la fundi. Mwaka 2017 Rachel Murray na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba kupunguza vilele vya shinikizo katika sehemu ya pingili ya 10 hadi ya 13 ya kifua, nyuma kidogo ya bega, kulikwenda pamoja na mabadiliko katika mwendo wa farasi. Sioni sababu ya misuli ya farasi wa Oklahoma kuliitikia shinikizo kwa njia tofauti na ya farasi wa Uingereza.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa sababu linatoka uwanjani. Mabingwa wengi, watu husema, wameshinda kwa matandiko ya dukani, na farasi aliyeumia hawezi kushinda. Kwanza, farasi anaweza. Ni mnyama ambaye porini huliwa, na asili yake ni kuficha maumivu. Pia kelele na msisimko wa uwanja humfanya apite pale ambapo mwili ungesema asimame. Pili, ushindi hauthibitishi kila kifaa kilichokuwapo siku hiyo. Katika fainali za kitaifa za 1985, Las Vegas, hatamu ya Scamper, farasi wa Charmayne James, ilikatika mwanzoni mwa mbio. Scamper aliyazunguka mapipa yote matatu na akashinda raundi ile. Wawili hao walitwaa ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1993. Hakuna mwalimu aliyetokea baada ya usiku ule kufundisha kwamba hatamu haina kazi. Kila mtu alielewa kwamba farasi mwenye moyo mkubwa alikuwa amefidia kasoro ya kifaa. Uelewa huohuo tunauacha mlangoni tunapozungumzia tandiko, na farasi huendelea kufidia, mwaka hadi mwaka, mpaka msuli ulio nyuma ya bega unanywea na kuacha shimo pande zote mbili.

Wengi hukimbilia mto wa kutandikia, ile sufu iliyoshindiliwa inayowekwa kati ya farasi na tandiko. Biashara yake ni kubwa na ahadi zake ni nyingi. Mto mzuri una kazi yake: hunyonya jasho, hupunguza mtikisiko, na tandiko likiwa pana kupita kiasi kidogo unaweza kuliweka sawa kwa muda. Tandiko likiwa jembamba, mto mnene huongeza tatizo, kama vile soksi ya pili ndani ya kiatu kinachobana. Na uwazi wa katikati ya mgongo hauzibwi na mto wenye unene sawa kila mahali, kwa kuwa unene huo huongezeka pia kwenye madoa manne yanayoumia.

Kuna pia wanaosema tuachane na kiunzi kigumu, tununue chenye kupinda au tandiko lisilo na kiunzi kabisa, litakalomfaa kila farasi. Wazo hilo lina mvuto wake, hasa kwa mwenye farasi wanne na fedha za tandiko moja. Tatizo ni kwamba ugumu wa kiunzi ndio unaosambaza uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliolinganisha tandiko la kawaida na lisilo na kiunzi katika troti ya kuketi, ulionyesha kwamba lile la kawaida lilieneza nguvu kwenye eneo kubwa zaidi na kwa shinikizo dogo zaidi. Vipo viunzi vinavyonyumbulika kidogo kwenye ncha na kubaki vigumu katikati, navyo nisingevikataa. Lakini kitu kinachofuata kila mgongo kwa ulaini wake huishia kumwacha mtu akae juu ya mifupa.

Basi kipimo chenyewe hufanywaje? Msimamishe farasi kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, miguu yote minne ikibeba uzito sawasawa, kichwa kikiwa katika kimo chake cha kawaida. Tafuta kwa vidole ukingo wa nyuma wa kombe la bega na uuwekee alama ya chaki. Weka tandiko tupu, bila mto wala mshipi wa tumboni, mbele kidogo ya mahali pake, kisha lisukume nyuma taratibu hadi litulie lenyewe. Mbao zianzie nyuma ya alama ya chaki. Ngozi inaweza kupita, mbao zisipite. Sasa ingiza kiganja kilicho bapa, uso wa mkono ukimgusa farasi, na ukiteremshe chini ya mbao kutoka mbele hadi nyuma. Usitafute kama mkono unaingia. Sikiliza kama unabanwa kwa uzito uleule njia nzima. Pakikaza ghafla, palegee, kisha pakaze tena, umeupata uwazi wa katikati. Mtu wa pili ainue mguu wa mbele na kuunyoosha huku mkono wako ukiwa bado nyuma ya bega, na utajua kwa vidole vyako mwenyewe nini hutokea kwenye kona. Rudia upande wa pili, kwani farasi wachache sana wana mabega mawili yanayolingana, na bega kubwa ndilo la kufuata.

Baada ya mazoezi, jasho nalo litazungumza. Alama mbili zilizolowa sawasawa pande zote ni habari njema. Doa kavu lililozungukwa na jasho, hasa nyuma ya bega, mara nyingi ni mahali palipobanwa kiasi kwamba tezi hazikufanya kazi. Nywele nyeupe zilizoota katika rangi ya kawaida ni kovu la shinikizo la zamani. Aliyewatazama kwa karibu punda wa mizigo wa Lamu au wa vijijini kwetu atakuwa ameziona, na chanzo chake ni kilekile.

Tandiko linalokwenda upande mmoja linahitaji tahadhari ya pekee. Farasi mwenye mgongo wa mviringo huwafanya watu wakaze mshipi wa tumboni hadi mnyama agune, na mara nyingi kosa ni la kiunzi kisicholingana na mviringo huo. Lakini Line Greve na Sue Dyson, waliofanya kazi Newmarket, Uingereza, walionyesha katika miaka ya 2010 kwamba kuteleza upande mmoja mara nyingi hutokana na kuchechemea kwa mguu wa nyuma, kuchechemea kusikoonekana kirahisi kwa macho. Maumivu ya mguu yakiondolewa kwa sindano ya ganzi, tandiko hutulia. Katika hali hiyo fedha ya kwanza ni ya daktari wa mifugo, na duka la matandiko lingoje.

Watafiti haohao waliwapima farasi wa michezo kwa mwaka mzima na kukuta kwamba vipimo vya migongo yao vilibadilika ndani ya muda huo. Hapa hutokea pingamizi la mwisho: ikiwa mgongo unabadilika, kuna faida gani kutoa maelfu ya dola kwa tandiko la kushonewa? Pengine hakuna. Sisemi kila mtu aagize la kushonewa, na kwa farasi mchanga wa miaka minne anayeandaliwa kwa mashindano ya rika lake ningelishauri lisiagizwe kabisa, kwa sababu misuli yake ya mgongoni bado itaongezeka. Tandiko lililotumika, lenye kiunzi kizima kisichopasuka, likichaguliwa kwa mkono na chaki, litamfaa kuliko jipya lililochaguliwa kwa nakshi. Muuzaji anayekataa lijaribiwe juu ya farasi anauza ngozi tu. Kwa gharama ndogo zaidi, mtu anaweza kupinda waya laini juu ya mgongo nyuma ya bega, katikati ya kiti na kwenye ubavu wa mwisho, achore kila umbo kwenye kadibodi, alikate na kuliandika tarehe. Kadibodi hizo tatu huingizwa chini ya kiunzi chochote dukani, hata farasi akiwa amebaki zizini umbali wa kilomita mia tano, na zikirudiwa kila msimu huonyesha ni lini mgongo umeliacha tandiko.